Lugha ya Spana: Uanagenzi wa Ufundi wa Magari kutoka Nabuyoga hadi Mpaka wa Busia

Historia ya Kiswahili nchini Uganda aghalabu huandikwa kwa kufuata nyaraka za watawala. Huanza na waraka wa Gavana William Gowers wa mwaka 1927, uliotaka Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Hufuata upinzani wa Kabaka Daudi Chwa na wa baadhi ya viongozi wa kanisa. Kisha huja mwaka 1952, Kiswahili kilipoondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa kwa mafundisho ya shule. Halafu 1973, kilipotangazwa na serikali ya Idi Amin kuwa lugha ya taifa. Na 2005, Katiba iliporekebishwa na kukifanya lugha rasmi ya pili. Mpangilio huo ni wa kweli, nasi walimu tumeufundisha mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba unamwonyesha msomaji Kiswahili kikipanda na kushuka kwa kalamu za wakubwa tu, kana kwamba baina ya waraka mmoja na mwingine lugha ilikuwa imefungiwa kabatini.

Haikufungiwa. Katika sehemu za mashariki ya Uganda ilikuwa chini ya malori, imelala chali juu ya gunia, ikiomba ipewe spana nyingine. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo ya chini ya gari: namna mtu asiyejua kitu alivyofundishwa kulitunza gari na kuutafuta ubaya wake, na kwa nini mafunzo hayo, katika nchi inayoanzia Nabuyoga na kuishia kwenye mpaka wa Busia, yalifanyika kwa Kiswahili hata katika miaka ambayo shule zilikuwa zimekipa kisogo.

Nabuyoga ni gombolola iliyoko magharibi mwa mji wa Tororo, katika nchi ya Padhola, ambayo kiserikali huitwa Budama Magharibi. Wenyeji wake wengi ni Jopadhola, na lugha yao, Dhopadhola, ni ya jamii ya Kiluo. Lakini mtu wa Nabuyoga akitoka kwake hana haja ya kwenda mbali ili asieleweke. Mashariki atakutana na Iteso, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa. Kusini, kuelekea Busia, atawakuta Wasamia na Wagwe. Na magharibi, Wanyole, ambao hawa wote ni Wabantu. Zamani watu hao wote walikuwa katika wilaya moja ya Bukedi. Barazani na kanisani lugha iliyotawala ilikuwa Luganda, iliyoletwa na watumishi wa Semei Kakungulu tangu mwanzo wa karne ya 20. Ofisini kilikuwapo Kiingereza. Ni halali basi kuuliza: gari lilipoharibika, kwa nini halikutengenezwa kwa Luganda?

Jibu linapatikana kwa kuangalia gari lilitoka wapi na nani alilileta. Mizigo mizito ilitoka Mombasa kwa reli, nayo reli hiyo ilipita Tororo ikielekea Jinja na Kampala, ambako ilifika mwaka 1931. Magari, mafuta na vipuri vilifuata njia hiyo hiyo. Wenye maduka ya vipuri na wenye gereji walikuwa zaidi Wahindi, na miongoni mwao Makalasinga, ambao wazee wao wengi walikuja kujenga reli wakiwa maseremala, wahunzi na mafundi wa mitambo. Kalasinga hakujifunza Luganda ili azungumze na kijana wa Kipadhola leo na kijana wa Kiteso kesho. Alitumia Kiswahili cha kazini, kile alichokitumia baba yake Nairobi au Kisumu. Kilikuwa Kiswahili kilichovunjika mbavu, chenye amri nyingi na adabu chache. Ila kilifanya kazi, na mwanagenzi alikibeba hadi kwao.

Si kweli kwamba serikali ya kikoloni haikuwaza kabisa habari ya kufundisha ufundi. Makerere yenyewe, ambayo leo tunaitaja kwa heshima ya chuo kikuu, ilifunguliwa mwaka 1922 na wanafunzi 14 waliosomea useremala, ujenzi na umakanika. Upande wa Kenya, shule ya ufundi ya Kabete ilianza katika miaka hiyo hiyo. Lakini Makerere ilipopanda daraja, spana ilibaki chini. Mafunzo ya ufundi yakahamishiwa kwingine, na wasomi wakazoea kudhani kwamba elimu ni kitu kisichochafua mikono. Na kwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Padhola, Makerere na Kabete zilikuwa mbali sawa na mwezi. Shule iliyomjia mlangoni ilikuwa lori la pamba.

Katika msimu wa pamba malori yalizunguka vijijini yakipeleka mazao viwandani kuchambuliwa. Kila lori lilikuwa na dereva, na kila dereva alikuwa na kijana wake, ambaye pande hizi huitwa tanboi na ndugu zetu wa Tanzania humwita taniboi au utingo. Tanboi alipakia, alipakua, alilala juu ya mzigo, alisukuma, alichota maji ya rejeta mtoni. Mshahara wake ulikuwa mdogo au haukuwapo. Alichopata ni ruhusa ya kutazama.

Somo la kwanza lilikuwa hendeli. Magari mengi ya siku hizo yaliwashwa kwa kuizungusha injini kwa mkono, hasa asubuhi ya baridi au betri ilipokuwa imechoka. Mtu asiyejua huishika hendeli kama anavyoshika mpini wa jembe, dole gumba upande huu na vidole vinne upande ule. Injini ikipiga kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu na kulivunja dole hilo, au kifundo cha mkono. Kwa hiyo tanboi alifundishwa kuliweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, na kuivuta hendeli juu badala ya kuisukuma chini. Hakuna kitabu kilichohitajika. Huo ndio msingi wa mafunzo yote yaliyofuata: mkono ufundishwe kwanza, jina la kitu lifuate, na sababu yake ije baadaye, kama itakuja.

Vita Vikuu vya Pili viliibadilisha hali hiyo kwa ghafla. Watu wapatao 77,000 kutoka Uganda walihudumu jeshini kati ya 1939 na 1945. Lugha ya King's African Rifles ilikuwa Kiswahili, na lugha hiyo ilitumika pia katika kikosi cha uchukuzi cha Afrika Mashariki, kilichojulikana kwa herufi E.A.A.S.C., ambacho madereva wake walifika Ethiopia na baadaye Burma. Jeshi halikuweza kungojea miaka mitano ili kijana ajifunze kwa kutazama. Lilihitaji maelfu ya madereva kwa haraka, na kila mmoja wao awe na uwezo wa kulitunza gari lake mwenyewe mahali pasipo na gereji. Ndipo ulipoingia utaratibu ambao haukuwapo katika lori la pamba: matunzo ya gari yaligawanywa kwa siku, na kila siku ikawa na kazi yake. Leo ni zamu ya kukaza nati za magurudumu, kesho kutia grisi, keshokutwa kuangalia maji ya betri. Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, dereva alipaswa kupima oili, maji, mafuta na upepo wa matairi.

Umuhimu wa jambo hili si rahisi kuuona kwa mtu aliyezoea magari ya leo. Tanboi wa zamani alijua kulitengeneza gari lililokwisha kuharibika. Askari alifundishwa kulizuia lisiharibike. Hizo ni elimu mbili tofauti, na ya pili ndiyo ngumu kuifundisha, kwa sababu mwanafunzi haoni faida yake. Anayekaza nati isiyolegea huhisi anapoteza wakati.

Wanajeshi waliporudi makwao mwaka 1945 na 1946, wengi waliondolewa bila kazi. Waliokuwa madereva na mafundi walikuwa na bahati zaidi, maana ujuzi wao ulikuwa na soko. Waliajiriwa na idara za serikali, na viwanda vya pamba, na kampuni za mabasi. Na katika miaka ya 1950 Tororo yenyewe ikapata kiwanda cha saruji, ambacho hakiendeshwi bila malori. Hapo ndipo Kiswahili cha Kalasinga na Kiswahili cha jeshi vilipokutana katika gereji moja. Naam, na hapo ndipo kejeli ya historia inapojitokeza. Mwaka 1952, ule ule ambao Kiswahili kiliondolewa katika shule za Uganda, ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere ikaendelea kusanifu maneno kwa takriban miaka kumi. Wataalamu walikuwa Kampala wakiulizana neno gani lifae kwa kitu gani. Na mwendo wa siku moja kutoka hapo, vijana wasiojua kuwa kamati hiyo ipo walikuwa wamekwisha kuvipa vitu vyote majina.

Tuyaangalie majina hayo, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha na yanatuhusu. Gari lilitoka India. Usukani ni wa Waarabu na ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa motokaa. Parafujo ni ya Wareno. Gia, breki, klachi, stata, plagi na kabureta ni za Waingereza. Fundi ni letu, na wengi huliweka katika ukoo mmoja na kufunda, kufunza na mwanafunzi. Lakini utajiri hasa haumo katika majina ya vipuri, ambayo karibu yote yameazimwa. Umo katika vitenzi. Injini inachemka. Inakohoa. Inagonga. Inakula oili. Inamisi. Klachi inateleza, breki inavuta upande mmoja, betri haina moto, stata inazunguka bure. Kila kitenzi hapo ni dalili ya ugonjwa mmoja na si mwingine, na mwanagenzi aliyekwisha kuvijua vitenzi hivyo alikuwa amejifunza nusu ya utafutaji wa kasoro bila kugusa chuma. Mwenye gari aliyesema tu kwamba gari lake "limekufa" hakumsaidia fundi. Ilibidi aulizwe lilikufa vipi. Lilikohoa kwanza? Lilizima ghafla kama taa? Lilichemka? Majibu matatu, njia tatu.

Mafunzo yenyewe gerejini yalikuwa na ngazi zake, ijapokuwa hazikuandikwa popote. Mgeni alianza kwa kuosha vipuri kwa petroli au mafuta ya taa. Wengi waliiona kazi hiyo kuwa adhabu, nami nadhani baadhi ya mafundi waliifanya iwe adhabu kweli. Lakini anayeosha gia kwa mwezi mzima huyajua meno yake yote, na akiona jino lililomeguka hahitaji kuelezwa. Baadaye alikabidhiwa spana, si kuzitumia bali kumpa fundi. Fundi aliye chini ya gari hunyosha mkono na kutaja namba tu, wala hapendi kutaja mara mbili.

Na namba zilikuwa mtihani mgumu. Magari ya Kiingereza, Bedford na Land Rover na Morris, yalifungwa kwa nati za inchi na sehemu za inchi. Peugeot na Volkswagen zilikuja na milimita. Spana ya nusu inchi ni sawa na milimita 12.7; kwa hiyo spana ya 13 huikubali nati ya nusu inchi, lakini kwa kulegalega, na mwenye pupa akiivuta huivunja pembe zake hadi ikawa duara. Nati iliyokuwa duara haifunguki tena ila kwa patasi. Kijana aliyekimbia hesabu za sehemu darasani alizikuta zikimngoja gerejini, nako alizielewa, maana kosa lake lilionekana kwa macho na makofi yalikuwa karibu.

Ngazi ya juu ilikuwa kutafuta ubaya. Fundi mwema alimfundisha mwanagenzi kwamba injini ya petroli huomba vitu vitatu: mafuta, moto na pumzi. Ikikataa kuwaka, kimojawapo kimekosekana, na kazi ni kujua kipi bila kubahatisha. Utaratibu ulianza na moto kwa sababu ndio wepesi kupimwa. Plagi hufunguliwa, hurudishwa kwenye waya wake, huwekwa ikigusa chuma cha injini, na mwenzake hupiga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyekundu dhaifu, au kutokuwapo cheche, humrudisha mtafutaji nyuma hatua kwa hatua: waya, kifuniko cha distributa, koili, kisha zile ncha mbili za chuma ziitwazo pointi, ambazo zikiungua husuguliwa kwa msasa mpaka zing'ae. Plagi yenyewe ni barua. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, inapewa mafuta mengi mno. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, pistoni zimechakaa. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto.

Moto ukiwapo, huangaliwa mafuta. Mpira hutolewa kwenye kabureta na stata hupigwa. Petroli isiporuka, kosa li katika pampu au katika bomba, na ikiruka, kosa li ndani ya kabureta, ambamo chembe moja ya mchanga huziba tundu jembamba kama la sindano. Kwenye barabara zetu za vumbi jekundu hilo lilikuwa jambo la kila wiki. Mchana wa jua kali petroli iliweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika. Dereva aliyejua alifunga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, akakaa kivulini robo saa. Asiyejua aliifungua pampu nzima na kuiharibu. Moshi nao ulisomwa: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyozidi, na mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia mahali pasipo pake, yaani gasketi imekufa. Malori ya dizeli yalikuwa na desturi yao. Yakiishiwa mafuta njiani, kujaza tangi hakukutosha, kwa kuwa upepo uliingia katika mabomba, na lazima utolewe kwa kulegeza nati moja baada ya nyingine huku pampu ya mkono ikisukumwa mpaka mapovu yaishe.

Ustadi huu ulipata fahari yake hadharani kila Pasaka, Safari Rally ilipopita. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na jambo hilo lina maana kwetu, kwa kuwa gari la aina hiyo hiyo ndilo lililobeba abiria katika barabara zetu. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kalasinga aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akiendesha Volvo kuukuu. Wanagenzi wa gereji walimchukulia kuwa mmoja wao, na walikuwa na haki.

Kisha ikaja tarehe 4 Agosti 1972. Idi Amin aliwahutubia askari katika kambi ya jeshi ya Tororo, hapa hapa kwetu, akatangaza kuwa Waasia wenye uraia wa Uingereza hawana tena nafasi Uganda. Wakapewa siku 90. Gereji na maduka ya vipuri yakagawiwa watu wengine, ambao baadhi yao hawakujua tofauti ya kipuri na kipuri. Wapo waandishi wanaosema kwamba hapo ndipo fundi Mwafrika alipopata uhuru wake. Upo ukweli katika maneno hayo: vijana waliokuwa wakipokea amri kwa miaka kumi walijikuta mabwana wa kazi. Lakini uhuru wa fundi asiye na vipuri ni uhuru wa namna gani? Mtu huyo alipewa ufunguo wa ghala tupu.

Kilichofuata kilikuwa kipindi cha kubuni. Mkanda wa feni ulipokatika, ukanda wa mpira wa tyubu ulifungwa badala yake. Tangi la petroli lililovuja lilizibwa kwa sabuni ya mche. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Magari mawili yaliyokufa yalifanywa moja linalotembea. Sipendi kuusifu ubunifu huo kupita kiasi, kama ilivyo desturi ya siku hizi. Wapo waliotia maji ya sabuni katika breki kwa kukosa mafuta yake. Maji hayo huchemka breki zikipata joto, na pedali huzama sakafuni gari likiwa mteremkoni. Mwanagenzi aliyejifunza katika miaka hiyo alijifunza mambo mengi ya ajabu, na mengine ilimlazimu kuyasahau baadaye.

Mpaka wa Busia ukawa duka la vipuri. Bei ya kahawa ilipopanda ulimwenguni baada ya baridi kali kuiharibu mimea ya Brazili mwaka 1975, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magendo kwenda Kenya, na vitu vilivyokosekana vilirudi kwa njia hiyo hiyo: sabuni, chumvi, plagi, beringi, pistoni. Baina ya vituo viwili vya forodha walikuwapo vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda, nao wakalipa jina biashara ambayo sasa inajulikana dunia nzima. Kipuri kilichovuka kilihitaji jina moja pande zote mbili. Mnunuzi wa Padhola na muuzaji wa upande wa Kenya hawakuwa na kamusi. Walikuwa na Kiswahili cha gereji, na makosa yalikuwa ghali, kwani mtu hawezi kuvuka tena usiku mwingine ili kubadilisha beringi.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966 kuuliza vijana wafanye nini baada ya shule ya msingi, vilianzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika juu ya Kenya na kuwafanya wachumi wawatambue mafundi wasio na leseni wala paa. Wenyewe walikuwa na jina lao tayari, jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwaona Kamukunji, Nairobi, akaahidi mabanda. Baadaye neno hilo likaingia katika maandiko ya serikali, na sioni mfano mwingine bora wa neno la Kiswahili lililopanda kutoka vumbini hadi ofisini bila kamati yoyote kulitunga.

Uganda nayo, kwa sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, iliweka njia ya kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini bila ya kupita chuoni. Ni jambo jema lililochelewa. Wasichana, hata hivyo, wamebaki nyuma mno katika kazi hii, wala siamini sababu ya nguvu inayotolewa kila mara. Nati iliyoshika hufunguliwa kwa bomba refu lililochomekwa kwenye spana, si kwa msuli. Sababu iliyo karibu na kweli ni kwamba uanagenzi ulianzia juu ya lori na kambini, mahali ambapo binti hakupelekwa, na desturi ikaendelea hata baada ya lori na kambi kuondoka.

Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari za Uganda ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Mwalimu anayekipeleka Kiswahili katika shule za Padhola leo huambiwa, na huenda yeye mwenyewe huamini, kwamba anawaletea watoto lugha ngeni. Huanza na maamkizi ya pwani, na sokoni, na shambani. Sijaona kitabu kinachomtaka mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili namna ya kubadilisha gurudumu, ingawa maelezo hayo yanahitaji hali ya amri, ngeli ya LI-YA, "kabla ya" na "baada ya", na "usi-" ya makatazo: legeza nati kabla ya kuinua jeki, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Huenda mjomba wa mtoto huyo hufanya hivyo kila siku, na kwa maneno hayo hayo.

Magari nayo yamebadilika. Kabureta na pointi zimekwisha. Mafuta hupimwa na kompyuta iliyomo ndani ya gari. Tangu 1996 Marekani ilizilazimisha motokaa mpya zote ziwe na tundu la kuunganishia mashine ya kusomea makosa, na nchi nyingine zikafuata. Magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, yana mitambo hiyo. Mpaka wa Busia, ambao tangu 2018 una kituo kimoja cha pamoja cha forodha, bado unayatenga kwa umri: Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na Uganda mwaka huo huo ilikataza yaliyopita miaka 15. Kwa hiyo fundi wa upande wa Uganda huzoea uzee wa magari ambao mwenzake hauoni upesi. Na katika vijiji kama vya Nabuyoga, injini ya kwanza ambayo kijana huifungua siku hizi aghalabu si ya gari bali ya pikipiki, ambayo yote imo wazi mbele ya macho.

Wapo wanaodai kwamba kwa mabadiliko hayo ujuzi wa zamani umekufa, na kwamba sasa ni kazi ya mashine na Kiingereza chake. Tuchukue mfano mmoja. Mashine ikichomekwa katika gari linalotetemeka, yaweza kuonyesha maandishi P0301. Maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inashindwa kuwaka. Fundi humwambia mwanagenzi kwamba silinda ya kwanza inamisi. Lakini mashine haisemi kwa nini. Yaweza kuwa plagi, yaweza kuwa koili, yaweza kuwa mafuta. Basi koili ya silinda ya kwanza huhamishiwa ya pili, na ya pili huletwa kwenye ya kwanza. Injini huwashwa na mashine husomwa tena. Ikionyesha P0302, ubaya umehama pamoja na koili, na koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina kosa, hurudishwa mahali pake, na mwanagenzi huambiwa afungue plagi.